Pampu ya mazuti iliyovuja, na kilima cha Kadutu kilichotuonyesha tundu

Kwa miezi minne gari la familia yetu, Land Cruiser HZJ75 ya mwaka 1994 yenye injini ya 1HZ, lilikuwa likiwaka vizuri asubuhi moja na kugoma asubuhi iliyofuata. Kwa kuwa sikuona utaratibu wowote katika kugoma huko, nilibadilisha betri, nikabadilisha plagi mbili za kupasha joto, nikabadilisha chujio la mazuti (yaani dizeli), na bado kila wiki kulikuwa na siku mbili au tatu ambapo vijana wa mtaa walilazimika kulisukuma. Ubavuni mwa pampu inayopeleka mazuti kwenye injekta palikuwa na unyevu ulioshika vumbi la barabara ya Walungu, ambako tunapakia viazi na maharage ya kuuza Bukavu. Unyevu huo niliuona tangu mwanzo. Sikuuhusisha na ugumu wa kuwaka, kwa sababu nilidhani kwamba gari linalovuja hupoteza mafuta tu, na kwamba matone machache ya usiku hayawezi kuishinda injini ya lita 4.2.

Garaji la kwanza nililoliendea liliniambia kwamba pampu imekufa na kwamba dawa yake ni kununua nyingine iliyotumika, kwa dola 600, bila kuifungua ile yangu wala kunionyesha mahali inapovujia. Sikuwa na fedha hizo. Ndipo nikalipeleka gari kwa mzee mmoja wa Kadutu, sehemu ya mji wetu wa Bukavu, ambaye ameshughulika na injini za malori tangu ujana wake, naye kabla hata ya kufungua boneti aliniuliza: "Mwanangu, usiku gari hili linalala limeangalia juu au limeangalia chini?"

Anayeijua Bukavu ataelewa uzito wa swali hilo. Mji wetu umejengwa juu ya vilima vinavyoshuka hadi Ziwa Kivu, na mbele ya nyumba yetu hakuna hata mita tano za ardhi iliyo sawa. Nikitoka sokoni napanda na kuliacha gari pua ikiwa juu. Nikirudi kwa njia ya upande wa pili nashuka na kuliacha pua ikiwa chini. Mzee alinituma nyumbani nikaandike kwa siku tisa jinsi gari lilivyolala na jinsi lilivyoamka. Niliandika kwenye daftari la mwanangu. Asubuhi zote ambazo pua ilikuwa chini, gari liliwaka mara moja, ila chini yake palikuwa na doa la mazuti la ukubwa wa kiganja. Asubuhi zote isipokuwa moja ambazo pua ilikuwa juu, ardhi ilikuwa kavu kabisa, na gari liligoma.

Mzee aliposoma daftari alisema kwamba sasa hahitaji kubahatisha. Tangi la gari hili liko nyuma. Pua inapokuwa chini, tangi huwa juu ya pampu, kwa hiyo mazuti hutelemka yenyewe kuelekea mbele na kutoka nje kwenye tundu. Pampu hubaki imejaa, na injini huwaka. Pua inapokuwa juu, tangi huwa chini, uzito wa mazuti yaliyomo kwenye bomba huvuta kurudi nyuma, na tundu lile lile lililokuwa likitoa mazuti huanza kunyonya hewa. Kufikia alfajiri pampu imeingiwa na hewa, na pampu ya namna hii haiwezi kusukuma hewa hadi injekta ifunguke, kwa sababu hewa hubanwa na kunywea wakati mazuti hayanywei. Stata huzungusha, moshi hautoki, betri huisha. Mimi nilikuwa nikiihesabu ardhi kavu kuwa dalili njema, kumbe siku za ardhi kavu ndizo zilizokuwa mbaya.

Inafaa nieleze pampu yenyewe, kwa kuwa ukiifahamu hutakubali haraka kuambiwa kwamba imekufa. Ni ya mtindo wa VE, uliobuniwa na Bosch katika miaka ya 1970 na kutengenezwa kwa leseni na Denso kwa ajili ya Toyota. Haina plunja sita (vijiti vya chuma vinavyosukuma mazuti) kwa silinda sita, kama zilivyo pampu ndefu za malori ya zamani. Ina plunja moja tu, ambayo huzunguka na papo hapo husogea mbele na nyuma, ikisukumwa na sahani yenye vilima sita inayopanda juu ya rola, na kila inapozunguka huelekeza mazuti kwenye bomba la silinda inayofuata. Mwanzoni mwa pampu kuna pampu nyingine ndogo ya mapezi ambayo hujaza kasha lote mazuti kwa shinikizo la baa kadhaa, nalo huongezeka kadiri injini inavyokwenda kasi. Hakuna oili ya injini ndani yake. Kinachoilainisha ni mazuti yenyewe, ndiyo maana nawasihi wenye magari haya wawe waangalifu na vidumu vya Kadhafi, yaani wachuuzi wa mafuta wa kandokando ya barabara: mazuti yaliyochanganywa na mafuta ya taa au maji hukwangua vyuma ambavyo vimekerezwa kwa usahihi mkubwa, na hapo ndipo pampu hufa kweli.

Kasha likiwa limejaa mazuti yenye shinikizo, kila mahali panapopita mhimili au panapokutana vipande viwili pamezibwa kwa mpira, na kila mpira ni mahali panapoweza kuvuja. Mahali panapotisha zaidi ni sili ya mhimili mkuu, nyuma ya puli ya mkanda wa taimingi, kwa sababu mazuti yanayotoka hapo huulowesha mkanda na kuulainisha, na mkanda ukikatika valvu hugongana na pistoni. Kwa hiyo mzee alianza huko. Aliondoa kifuniko cha mkanda, akapapasa kwa kitambaa cheupe, pakavu. Baadaye akaisafisha pampu yote kwa brashi na mazuti safi, akaikausha kwa hewa, akaipaka poda ya watoto wachanga, kisha akaniambia niwashe injini na kuiacha ikae bila kukanyaga. Baada ya dakika nane hivi poda ilikuwa nyeupe kila mahali isipokuwa chini ya mkono wa akselereta, ambapo mhimili mdogo huingia ndani kupitia kifuniko cha juu. Hapo palikuwa na pete ya kijivu iliyolowa. Kwa kuthibitisha, aliunga kipande cha mrija wa plastiki unaoonyesha ndani kwenye njia ya mazuti yanayorudi tangini, na asubuhi iliyofuata, baada ya gari kulala pua juu, tuliona mapovu yakipita humo kama maji ya soda.

Oringi, yaani pete ya mpira, inayoziba mhimili huo ni ndogo kuliko pete ya kidole. Ile yetu ilipotolewa ilikuwa bapa upande mmoja na ngumu kiasi kwamba ilivunjika ilipokunjwa. Umri ni sababu mojawapo, lakini si peke yake. Pampu nyingi za miaka ile ziliwekwa mipira ya nitrili, ambayo hunywa kiasi fulani cha mazuti na kuvimba, na uvimbe huo ndio unaoiwezesha kuziba. Mazuti yanaposafishwa zaidi ili kupunguza salfa, mara nyingi na viungo vinavyouvimbisha mpira hupungua pia, na mpira mkongwe husinyaa na kuacha mwanya. Marekani walikutana na tatizo hilo mwaka 1993, salfa ilipopunguzwa kwa sheria na pampu nyingi zilizokuwa nzima zikaanza kuvuja kwa wakati mmoja. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilihamia mazuti yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015, na mafuta yanayofika upande wetu huja kwa malori ya tangi kutoka Mombasa na Dar es Salaam. Kwa hiyo anayenunua seti ya mipira aulize ya Viton, ambayo haitegemei kuvimba. Seti yangu niliagiza, na ilinigharimu sehemu ndogo sana ya zile dola 600.

Kazi ilifanyika pampu ikiwa mahali pake. Mkanda haukuguswa na taimingi haikuguswa, jambo linalopunguza hatari kwa kiasi kikubwa. Hata hivyo mzee alitumia saa nzima kusafisha kabla ya kulegeza skrubu ya kwanza, kwa sababu punje moja ya mchanga ikiingia humo inatosha kukwaruza plunja. Kisha akachukua ncha kali ya chuma akachora mstari mmoja unaopita juu ya mkono wa akselereta na kichwa cha mhimili wake. Meno yanayoshikanisha viwili hivyo ni madogo sana, na ukirudisha mkono ukiwa umeruka jino moja, injini itapiga kelele peke yake au haitafikia nguvu zake, nawe utatafuta kosa mahali ambapo halipo. Boliti ya njia ya kurudi, iliyoandikwa OUT, aliiweka kando katika kikombe chake peke yake. Kwa nje inafanana na ile ya kuingizia, lakini ndani ina kitundu chembamba kinacholinda shinikizo la kasha, na watu wengi wamezibadilishana bila kujua kisha wakalaumu pampu.

Kifuniko kinashikwa na skrubu nne za tundu lenye pembe sita. Hakiinuliwi kwa pupa, kwa kuwa chini yake mhimili wa akselereta umeshikana na springi ya gavana (kifaa kinachodhibiti kasi ya injini), na springi hiyo ikivutwa ikanyooka haifai tena. Mzee alikiinua kidogo tu, akakiinamisha, akanionyesha ndoano kwa kurunzi, akaitoa kwa koleo jembamba. Alinitaka nipige picha kwa simu kabla ya kugusa chochote, nami nashauri hivyo kwa kila anayeijaribu kazi hii, hata akiwa na fundi mzoefu.

Hapo tulikutana na jambo ambalo seti ya mipira peke yake isingelitatua. Mzee aliurudisha mhimili mtupu ndani ya kifuniko na kuutikisa, nao ukacheza kushoto na kulia. Kifuniko ni cha alumini, mhimili ni wa chuma, na baada ya miaka mingi ya kukanyagwa mafuta tundu lilikuwa limepanuka na kuwa na umbo la yai. Oringi mpya katika tundu la namna hiyo ingedumu wiki chache, kisha ningerudi nikisema kwamba fundi amenidanganya. Tulikipeleka kifuniko kwa mkerezaji, aliyelipanua tundu likawa mviringo kamili na kuingiza bushi ya shaba ya njano iliyokerezwa kwa kipimo cha mhimili wetu. Ilimchukua karibu siku nzima kwa sababu umeme ulikatika mara mbili. Naamini kwamba sehemu hii ndiyo iliyoitengeneza pampu, na mpira ulikuwa wa kukamilisha tu.

Kurudisha kulikuwa kwa haraka. Oringi ilipakwa mazuti safi ili isikatwe na ukingo wa tundu, gasketi ya kifuniko ikawekwa mpya, springi ikarudishwa kwenye ndoano kwa kufuata picha, skrubu zikakazwa kwa kupokezana pembe kwa pembe, na mkono ukarudi kwenye mstari wake. Kabla ya kuwasha, mzee alifungua bomba kubwa la mpira linaloingiza hewa kwenye injini na kunipa kipande cha ubao nikishike karibu na mdomo wake, kwa sababu gavana iliyounganishwa vibaya inaweza kuiachia injini ikapaa, yaani ikaongeza kasi bila kuzuilika, na dizeli inayopaa huzimwa kwa uhakika kwa kuinyima hewa. Tulisukuma kwa mkono kitufe cha juu ya chujio hadi kikawa kigumu, tukalegeza kwa spana ya 17 nati za mabomba kwenye injekta, tukazungusha stata kwa vipindi vifupi hadi mazuti yasiyo na mapovu yakatoka, tukakaza. Iliwaka ikatetemeka, ikajikusanya, ikatulia. Ubao sikuutumia.

Kijana mmoja msaidizi alipendekeza kwamba, kwa kuwa tuko hapo, tuikaze kidogo skrubu ya kuongeza mazuti ili gari lipande vilima kwa nguvu. Mzee alikataa, nami namwunga mkono. Tuko kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi, na injini hii isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi) tayari inapata hewa pungufu kwa mazuti inayopewa. Ukiongeza mazuti bila hewa unaongeza moshi mweusi na joto, na nguvu hazionekani.

Usiku ule nililiacha gari pua juu, mahali penye mwinuko mkali kuliko pote kwenye mtaa wetu, na saa kumi na moja na nusu asubuhi liliwaka kabla sijahesabu mbili. Zimepita wiki saba, na nimeendelea kuandika kwenye daftari: halijagoma, na doa halijarudi. Sili ya mhimili mkuu bado ni ile ya zamani. Toyota huagiza mkanda wa injini hii ubadilishwe kila kilomita 100,000, na wetu umebakiza 11,000. Sili mpya nimeshainunua na kuikabidhi kwa mzee, ili siku mkanda utakapotolewa nayo iwekwe.