Jumamosi ya mfuko wa maneno

Jana mwanangu kaniletea simu. Kwenye kioo kuna lile sinki la kukojolea ambalo msanii Marcel Duchamp alilipeleka kwenye maonyesho kama kazi ya sanaa, na swali: kwa nini watu wapange foleni kutazama choo? Jibu fupi ninalo. Wanachokitazama wala si kile cha mwaka 1917. Kile kilipotea, ikabaki picha aliyoipiga mpiga picha Alfred Stieglitz, na vingi vya hivi vilivyomo makumbusho ni nakala zilizotengenezwa mwaka 1964 kwa idhini ya Duchamp mwenyewe. Lakini nilipoanza kumjibu, kichwa kilikuwa kimeshakimbilia kwingine, kwenye ile Jumamosi ya mfuko, pangaboi na Mwalimu. Mliokuwepo mtanisahihisha.

Tulikuwa tunajifunza Dada, harakati ya wasanii walioidhihaki sanaa ya kawaida kwa upuuzi na bahati nasibu, na Zürich, mji wa Uswisi ilikoanzia, tulikuwa tumeshaimaliza. Cabaret Voltaire, mtaa wa Spiegelgasse, 5 Februari 1916, Hugo Ball na Emmy Hennings wanafungua ukumbi huku nchi jirani zinachinjana. Ball amefungwa ndani ya mabomba ya kadibodi, hata kutembea hawezi, anabebwa hadi jukwaani kusoma shairi lisilo na neno la lugha yoyote. Utani wa jina la Dada tulikuwa tumeutafuna mpaka ukaisha ladha. Kilichobaki kilikuwa kufanya kwa mikono.

Tukachagua kanuni ya Tristan Tzara, mshairi wa Dada, ya kutunga shairi, aliyoitoa Paris mwaka 1920. Ni fupi kama maelekezo ya kuchemsha tambi. Chukua gazeti, chukua mkasi. Chagua makala yenye urefu ule unaotaka shairi lako liwe nao. Ikate. Kata kila neno peke yake, tia yote mfukoni, tikisa polepole. Toa kipande kimoja kimoja, unakili kwa uaminifu kama vilivyofuatana. Mwisho anakuahidi kwamba shairi litafanana nawe. (Wengi husimulia kwamba ni kofia. Kwenye maandishi ni mfuko.)

Asiyewahi kuijaribu hudhani ni mchezo wa watoto. Shida ya kwanza ni kwamba gazeti lina pande mbili. Ukishatoa kipande mfukoni, upande upi ndio neno na upi ni mabaki ya ukurasa wa pili? Kwa hiyo kabla ya kukata maneno, igeuze makala yako na uipige mistari ya penseli ya rangi mgongoni kote. Sisi tulitumia ya bluu. Shida ya pili ni safu nyembamba za magazeti yetu: maneno ni marefu, mstari ni mfupi, basi nusu ya maneno yamevunjwa, "wanan-" huku na "chi" kule. Tulikubaliana yabaki yalivyovunjika, kwa kuwa kuyaunga ni kuanza kuhariri, na ukianza kuhariri huachi.

Ya tatu ndiyo inayowashinda wengi. Vipande havilingani. Ukitikisa, "ya", "wa" na "na" huzama chini, na vidole vikiingia hukutana na majitu kama "watahakikisha". Kwa hiyo mwanzo wa shairi unajaa vitenzi vinene, na mwisho unabaki na mkia wa "na, kwa, ya, ya, wa". Hiyo si bahati, ni ukubwa wa karatasi tu. Kuna dawa: bandika kila neno kwenye kipande cha karatasi nyeupe, vyote kipimo kimoja, sentimita 5 kwa 1, ndipo utie mfukoni. Inakula muda, lakini mfuko unakuwa wa haki. Na uwe mfuko wa kaki. Kwenye nailoni, mikono ikiwa na jasho, vipande vinanata ukutani na vingine havitoki kabisa.

Tulikuwa tumekaa wawili wawili, umeme umekatika, madirisha wazi, joto la kusinzia. Mwalimu wetu mstaafu alikuwa na yule kijana wa uchapaji. Makala yao ni ya bei ya mafuta. Huku anakata, kijana akauliza, "Mwalimu, hawa si ndio waliokuwa wakijifanya Waafrika?" Ndio hao. Richard Huelsenbeck, mwenzao wa Cabaret Voltaire, alipanda jukwaani na mashairi aliyoyaita ya Kiafrika, kayatunga mwenyewe, akiyamalizia kwa "umba, umba". Mwenye jengo, Jan Ephraim, baharia wa zamani, akamwambia hayo si yenyewe, akamletea mengine aliyodai kuyapata safarini. Huelsenbeck akayasoma, na zile umba zake akazirudisha palepale. Mwaka 2016 makumbusho ya Rietberg, hukohuko Zürich, yaliweka maonyesho mazima, Dada Afrika, kazi zao kando ya vinyago na vitu walivyovitamani. Mwalimu alisikiliza, akasema, "Walitaka ngoma, mpigaji hawakumtaka." Akaendelea kukata.

Basi wakaanza kutoa. Hawakubandika vipande, walikuwa na haraka, na matokeo yalikuwa kama nilivyosema: "watahakikisha", "imepanda", "wananchi", "amesema", "watahakikisha" tena. Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo Tzara kwa Kifaransa chake asingeliona. Kitenzi chetu kinatembea na nafsi na wakati wake mgongoni. Mfaransa akikata kitenzi, mtendaji anabaki kwenye kipande kingine. Wewe ukitoa "watahakikisha" peke yake, tayari kuna watu fulani, kuna kesho, kuna ahadi. Upuuzi hautoki kirahisi. Kinachotoka ni hotuba isiyo na msemaji, halafu upatanisho wa kisarufi unavunjika ghafla, "kikao imepanda shilingi", nawe unacheka kwa sababu sikio lako lilikuwa limeshaanza kuamini.

Mwalimu alikuwa anapanga vipande mezani kwa mistari, anyooshe kwanza ndipo anakili. Meza nzima imejaa. Umeme ukarudi.

Pangaboi liliachwa kwenye namba tano. Zile panga zilianza kuzunguka taratibu kabisa, tukashangilia "umerudi!" kama kawaida, na katika kushangilia hakuna aliyetazama meza. Mstari wa juu ukainua vichwa. Kisha vikaondoka vyote, si kwa kishindo, vikapanda kidogo, vikageuka hewani, upande mweusi, upande wa bluu, upande mweusi. "Leo" likanata kwenye chupa ya soda iliyokuwa na majimaji. "Shilingi" likamganda kijana kwenye mkono wenye jasho, akaliona, akalisoma kwa sauti. Vingine vikashuka sakafuni na kutulia. Mtu kakimbilia swichi. Kimya.

"Mjukuu wangu, kusanya turudishe mfukoni," Mwalimu akasema.

"Hapana Mwalimu, tusiguse. Tubandike vilivyolala."

Kijana alikuwa na hoja. Hans Arp, wa kundi lilelile la Zürich, inasimuliwa kwamba alichana mchoro uliomshinda, akatupa vipande chini, baadaye akaona vimejipanga kuliko alivyoweza yeye. Kolaji yake (picha ya vipande vilivyobandikwa) ya miraba ya mwaka 1916–17, iliyopo MoMA, makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York, inadai hata kwenye jina kwamba imepangwa na kanuni za bahati. Mimi naitilia shaka. Itazameni: miraba haipandiani, imeachiana nafasi kwa heshima, karibu kila mmoja umenyooka. Bahati haina adabu kiasi hicho. Kuna kidole pale. Na wakati namweleza kijana haya, nilimwona akilisogeza "mafuta" mbali na "bei" kwa kifundo, kidogo tu, eti vilikuwa vimelaliana.

Kuvitoa sakafuni bila kuvivuruga nako ni kazi. Ukiinua kimoja kimoja, mpangilio umekufa. Kijana akapaka gundi nyeupe kwenye karatasi kubwa ya manila, akiitandaza nyembamba kabisa kwa ukingo wa kadi (gundi ikiwa nzito karatasi ya gazeti inaloa, inajikunja na wino wa nyuma unaonekana mbele), akailaza taratibu juu ya vipande, akaipapasa kwa kitambaa, akasubiri dakika kadhaa, akainua.

Vyote vilikuja. Tatizo ni kwamba vilivyokuwa vimelala uso juu sasa vimeufukia uso kwenye gundi. Tulichokiona ni migongo: mistari ya bluu, na kati ya mistari, vipande vya ukurasa wa nyuma, ambao ulikuwa tangazo la mnada. Nusu za herufi, tarakimu, "kiwanja cha", "hati na". Katikati yake, pale ambapo kipande kilianguka kifudifudi, neno la bei ya mafuta likitazama juu. Maneno tuliyoyakata kwa uangalifu wote ule yalikuwa ndani, hayasomeki tena.

"Hili ndilo lenyewe," kijana akasema.

"Hilo ni tangazo la mnada," Mwalimu akasema. "Na hukulinakili. Kanuni inasema nakili."

Wote wawili wana haki, na mimi sikuamua. Duchamp mwenyewe, aliyepeleka sinki lile kwenye maonyesho yaliyotangaza kumpokea kila mlipa ada ili aone kama kweli wangempokea, miaka 47 baadaye aliidhinisha litolewe kwa toleo la nakala 8 zenye saini. Karatasi ya manila ipo kwa kijana. Imeshaanza kuwa ya kahawia, kama karatasi yoyote ya gazeti inayoachwa mwangani, kwa hiyo kaitilia fremu na kioo na kuihamisha ukuta usiopigwa na jua. Juzijuzi mgeni kaulizia bei, naye akaitaja. Mwalimu anadai nusu, maana makala alikata yeye.