Rula ya Shule na Baiskeli ya Gia

Mwaka 2016 nilikuwa nimepanga Buhongwa, Mwanza, kibarua kiko Malimbe, na nauli za daladala zinanimaliza kimyakimya. Nikaamua kununua baiskeli ya gia. Sikutaka Phoenix, Phoenix ilikuwa ya mjomba, na ilishabeba magunia ya mkaa kuliko lori. Mimi nilitaka mtumba wa Japani, wenye shokapu mbele na tairi za meno za kupita njia za mkato zenye mawe.

Mjomba ni fundi baiskeli pale Mkolani, nikamwomba anisindikize. Alikuja na spana moja, kitambaa kichafu na rula ya plastiki ya mwanawe wa darasa la nne.

"Rula ya nini?"

"Twende, mjomba."

Muuzaji, kijana mchangamfu maeneo ya Mlango Mmoja, alimpigia mjomba shikamoo ya nguvu, kisha akanitolea mimi baiskeli nyekundu inayong'aa kama pipi. Moyo ukaniisha palepale. Mjomba akaipindua miguu juu, akapitisha kidole gumba taratibu chini ya shingo ya fremu, pale mabomba yanapoungana. Akarudia. Kisha akanishika mkono, akaweka kidole changu mwenyewe. Rangi ilikuwa na mkunjo mdogo, kama utando wa maziwa yaliyopoa.

"Hii ilikula ukuta kwa uso," akasema. "Na rangi ni ya juzi."

"Hilo ni jua tu limeipiga, mzee wangu," kijana akacheka. Mjomba hakubishana. Akairudisha ilipokuwa.

Ya pili ilikuwa ya kijivu, imechubuka huku na huku, bado ina stika ndogo ya maandishi ya Kijapani na tarakimu. Baadaye ndipo nilipojua kwamba kule baiskeli husajiliwa, ili ikiibwa mwenyewe ajulikane. Siku ile nilidhani ni tangazo la duka.

Hapo mjomba alipiga kambi, mimi nikiona aibu kwa niaba yake. Alizungusha gurudumu huku akikodolea upenyo kati ya rimu na mpira wa breki; haukupanuka wala kusinyaa. Akabana breki ya mbele, akaisukuma mbele na nyuma, sikio shingoni. Kimya. Akatikisa mikono ya pedali kushoto na kulia, ikacheza. "Gololi," akanung'unika.

Ndipo rula ikatoka. Akafuta mnyororo, akalaza rula kwa upande wa inchi, sifuri katikati ya pini moja, akaniambia nihesabu pini 24 mbele. Kutoka pini hadi pini ni nusu inchi, kwa hiyo mnyororo ambao haujalika ungeishia kwenye 12 kamili. Huu ulipitiliza kwa kama thumuni ya inchi. Kwa macho huoni kitu! Akanieleza kwamba pini zikilika mnyororo unarefuka, na ukirefuka unatafuna meno ya gia, kwa hiyo hapo tuhesabu kununua mnyororo na gia za nyuma pamoja.

Bei ilianza shilingi 180,000. Mjomba akataja mnyororo, gia na gololi kwa bei za dukani, kimoja kimoja, kama anasoma risiti. Tukaishia 115,000, na "mzee wangu" sikuisikia tena.

Kiti kilikuwa juu, nami ni mfupi. "Hicho mtashusha nyumbani, bosi," kijana akasema. Tukakubali, kushusha kiti si kazi ya dakika moja? Nikapanda hadi Mkolani nikining'inia, kila nikisimama natafuta ukingo wa barabara wa kukanyaga.

Jioni tukalegeza boliti. Kiti hakikushuka, hakikupanda, hata kuzunguka hakikuzunguka. Bomba lake lilikuwa alumini, fremu chuma, na maji yalikuwa yameingia kati miaka na miaka, vikaumana kama vimechomelewa. Mjomba alimimina mafuta ya taa, tukalaza siku tatu. Akagonga kwa nyundo. Akalibana bomba kwenye jiriwa, tukaizungusha fremu nzima watu wawili. Wapi!

Siku ya nne alileta msumeno wa chuma. Akalikata bomba juu kidogo ya fremu, kisha akaanza kukwangua lililobaki kwa ndani, chembe kwa chembe, hadi saa mbili usiku, bila kunitazama. Rula ilikuwa bado inachungulia mfukoni mwa shati lake.