Kiduha: kitafute mizizini kabla hakijachomoza

Wakulima wengi wa Tabora hulaumu jua mahindi yanaponyauka ilhali udongo bado una unyevu. Chimbua shina moja pamoja na udongo wake, usiling'oe, kisha osha mizizi taratibu kwenye ndoo ya maji. Ukiona vichipukizi vyeupe vimeng'ang'ania mizizi, hicho ni kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya nafaka. Onyesho hili lisikosekane kwenye mafunzo ya kijiji, maana gugu hili huharibu zaidi likiwa chini ya ardhi, na palizi ya kwanza hailigusi.

Likichomoza, ling'oe kwa mkono kabla ya maua mekundu. Mmea mmoja hutoa maelfu ya mbegu laini kama ugoro, nazo huweza kukaa udongoni zaidi ya miaka 10. Lililokwisha kufunga mbegu litie kwenye mfuko, ukalichome. Ng'ombe wasipewe: mbegu hutoka kwenye kinyesi zikiwa hai, na samadi huzirudisha shambani. Jembe nalo likung'utwe udongo kabla ya kuhamia shamba jingine.

Msimu unaofuata panda karanga au kunde. Mizizi yake huamsha mbegu za kiduha, nazo zikikosa nafaka ya kunyonya hufa. Msimu mmoja hautoshi. Kubadili mahindi kwa mtama hakusaidii, kwani nao hushambuliwa.