Uzito kwanza, msuguano baadaye: kuunda mfano wa kitambaa kinachopigwa risasi

Chukua kanga mpya ya Darajani, toa uzi mmoja pindoni, uvute. Unagoma, maana dondo bado imeushika. Ifue mara tatu nne kisha vuta tena: unachomoka wenyewe. Uzi ni ule ule. Kilichopungua ni msuguano. Kevlar, kitambaa cha fulana za kuzuia risasi, nayo iko hivyo hivyo, na ndipo mifano mingi ya kompyuta inapodanganya.

Lakini kabla ya msuguano, mizani. Tuseme unaunda Kevlar ya aina ya KM2, denia 600 (kipimo cha uzito wa uzi), nyuzi 34 kwa inchi, mtande na mshindio (nyuzi za urefu na za upana) sawa. Denia 600 ni gramu 600 kwa mita 9,000, yaani gramu 0.067 kwa mita. Piga hesabu: mita ya mraba inakaribia gramu 180. Programu ikikwambia 250, usiendelee. Umechora uzi kama chuma kilichojaa, ukasahau kuwa ndani mna mamia ya nyuzinyuzi na hewa kati yao. Punguza densiti (uzito kwa ujazo) na ukakamavu (ugumu wa kuvutika) kwa uwiano mmoja. Ukipunguza kimoja tu, kasi ya wimbi la mshtuko linalopita ndani ya uzi inaharibika.

Ukakamavu kwa urefu wa uzi ni gigapaskali 85 hivi, kwa upana 1.3 tu. Ule wa kupinda uweke mdogo, ama uzi utasimama kama fimbo ya mkarafuu. Unakatika ukirefuka takriban asilimia 4.

Wimbi linakimbia kama mita 7,600 kwa sekunde, kwa hiyo elementi (kipande kidogo ambacho kompyuta inagawia uzi) ya milimita 0.1 inadai hatua ya muda ya nanosekunde 13. Elementi moja nyembamba uliyoisahau pembeni inatosha kuburuta hesabu nzima. Na kwa umeme wetu huu, hifadhi faili la kuanzia upya mara kwa mara.

Sasa msuguano: anza na kigezo cha 0.2 kati ya uzi na uzi. Ukiweka sifuri, risasi inazitenga nyuzi kama mtu apitaye kwenye pazia, na nyingi zinapona bila kukatika. Ukizidisha, zinakabana na kukatika mapema mno.

Kipande cha milimita 100 kikipigwa katikati, wimbi linafika ukingoni kwa mikrosekunde 7. Baada ya hapo matokeo yanategemea ulivyokibana: pande mbili au nne. Kuchora robo tu kunaokoa muda, ila risasi lazima ilenge penye ulinganifu. Ikipiga pembeni kidogo, chora kitambaa kizima.