Bwawa letu la udongo lilivyotaka kupasuka, na tulivyoliokoa

Sisi tuna bwawa dogo la udongo huku Mufindi, nje ya Mafinga, alilichimba marehemu baba. Kiangazi tunamwagilia viazi na parachichi, Jumapili watoto wanaogelea na vijana wanakuja na ndoano zao kuvua perege. Nalipenda kuliko hata shamba lenyewe.

Sasa mwaka jana mwezi wa tatu mvua zimekolea, napita chini ya tuta nakuta pamelowa na kitundu kinachuruza maji, mimi bila kuuliza mtu nikachukua udongo wa mfinyanzi nikaziba nikashindilia na miguu. Kesho yake maji yametokea hatua mbili pembeni, rangi kama chai ya maziwa.

Nikampigia mzee mmoja aliyewahi kutunza mabwawa kwenye mashamba ya chai. Shikamoo hata hajaitikia vizuri, anauliza, "Meupe au machafu?" Machafu mzee. "Basi mwanangu, tuta linaliwa kwa ndani. Usizibe huko chini, maji yatatafuta pengine. Fungua bomba, ila taratibu, ukiyashusha kwa siku moja tuta limelowa litaporomoka upande wa ndani."

Chini ya bwawa kuna nyumba tatu, jioni ileile nikawaomba wakalale kwa ndugu mlimani, sikutaka kubahatisha na watoto wa watu. Tukatoa maji siku nne. Pale panapovuja tukamwaga mchanga safi wa mtoni, juu yake kokoto, juu kabisa mawe, yaani maji yapite lakini udongo ubaki. Nilikuwa nakinga kwenye glasi kila asubuhi naiinua juani, siku ya tatu yakaja meupe kabisa, nilikaa chini pale pale kwenye majani nikamshukuru Mungu.

Kiangazi tukachimba upande wa ndani tukakuta chanzo, mikaratusi tuliyoikata zamani juu ya tuta, mizizi imeoza imeacha mashimo, mkono wangu uliingia mpaka kwenye kiwiko! Tukafukua yote, tukarudishia mfinyanzi wenye unyevu kidogo kidogo, kila tabaka tunashindilia kabla ya kuweka lingine, juu tukapanda ukoka, mti hauoti tena pale.

Na ule wavu wa kuzuia samaki kwenye njia ya maji ya ziada nimeung'oa, ulikuwa unashika majani maji yanapanda karibu yavuke tuta. Perege wachache wanatoroka mvua ikizidi, waende tu.