Mji wa Mbao na Mlima wa Feri

Aliyepitia shule ya udereva Kenya anaujua ule ubao. Mji mzima umechorwa juu ya mbao: barabara ya leni nne, kipilefti, reli inayokatiza, maegesho, na vigari vya kuchezea vilivyobanduka rangi kwa kushikwa na vidole vyenye jasho. Unasimama mbele yake, mtu mzima na akili zako, unasukuma kigari huku ukitamka: natazama kioo, nawasha indiketa ya kulia, naingia leni ya ndani. Wengi huucheka. Mimi nautetea.

Nilijifunza Mombasa, 2007. Darasani tulikuwamo wasichana tuliotoka tu kumaliza kidato cha nne, kijana wa tuktuk aliyechoka kukimbizana na trafiki, na mzee mmoja wa Kibokoni mwenye kofia ya vito. Mzee hakuweza kusukuma kigari bila kukitilia mlio. Akikaribia makutano, "vrrr" yake inashuka. Akishatoka kwenye kipilefti, inapanda.

"Mzee wangu, hapa hatuhitaji injini," mwalimu akamwambia.

"Sasa litakwendaje, mwanangu?"

Tulicheka, lakini ni yeye peke yake aliyekuwa hasahau kushusha gia kabla ya kona.

Ubao ulinifunza jambo ambalo barabarani hakuna mwenye subira ya kukufunza: chagua leni mapema. Ukitaka kutokea kulia kwenye kipilefti, uwe umeshakaa kulia kabla hujafika. Simama kwenye kipilefti cha Makupa jioni, utazame matatu zinavyotoka leni ya nje na kukatiza mbele ya lori la kontena.

Kisichokuwamo ubaoni ni mlima. Huo tuliufuata Likoni, kwenye kivuko cha feri. Mwalimu wetu alikuwa akingoja maji yapwe ndipo atuvushe, kwa sababu maji yakipwa feri hukaa chini na njia ya kutokea huwa mlima hasa. Wanaokwenda kwa miguu hutangulia, kisha mikokoteni, kisha sisi. Siku yangu mkokoteni wa mitungi ya maji ulinasa katikati ya mlima, ikabidi nisimame pale pale, pikapu ikiwa imeelekea juu. Mwalimu alikuwa na breki na klachi zake upande wa kushoto. Akaiondoa miguu yake, akaikunja juu ya kiti nione.

"Nyuma yako kuna bahari, binti. Usiitazame."

Hendibreki juu. Mafuta kidogo. Klachi unaiachia polepole mpaka sauti ya injini iwe nzito na boneti inyanyuke kidogo. Hapo gari linataka kwenda lenyewe, na hapo ndipo unashusha hendibreki, si kabla. Mpaka leo mimi husikiliza kwanza ndipo nikaondoka.

Mtihani wenyewe wa barabarani ulikuwa mfupi, hata gia ya nne haikuguswa. Kazi ilikuwa ubaoni. Afisa wa polisi alimsikiliza mzee akinguruma mji mzima, hakutabasamu hata chembe, akaandika kwenye karatasi na kumwambia amepita. Nami nikapita. Kijana wa tuktuk, anayeshinda barabarani tangu alfajiri, aliingiza kigari kwenye kipilefti kwa leni ya nje, akakata kulia, akaambiwa arudi siku nyingine.

Akatoka nje amefura. "Kwani pale Makupa hiyo mistari iko wapi?"