Pelé na nusu ya nywele zangu

Jumamosi kinyozi alizima mashine nusu ya kichwa changu ikiwa bado, ili anifafanulie vizuri kwa nini Pelé ndiye mwanasoka bora wa wakati wote. "Kombe la Dunia mara 3! Nani mwingine?" Nikamjibu, kaka, 1962 aliumia mechi ya pili tu, mzigo wa Brazil akaubeba mwenzake Garrincha. Akanuna.

Mzee mmoja pale kwenye benchi akamtaja Maradona na lile bao la pili dhidi ya Uingereza, 1986, alivyowapangua watu kuanzia nusu yake ya uwanja. Hapo nilinyamaza kidogo.

Lakini mimi ni wa Messi. Fainali ya 2022, miaka 35, mabao 2, kisha mkwaju wa matuta anausukuma taratibu kama anayepitisha chumvi mezani.

Upande wa kushoto umetoka mfupi. Nadhani ni makusudi.